Keekee ya mkono ya kutoboa barafu: inchi 6 au inchi 8? Tujadiliane kabla maziwa hayajaganda

MvuviWaKaskazini

Wakuu, habari za majira. Kila ikifika Novemba hapa Minnesota napokea ujumbe wa aina moja kutoka kwa ndugu zetu wa Brooklyn Park, Rochester na hata Fargo: "Kaka, mwaka huu nataka kuvua kwenye barafu, ninunue keekee gani?" Nimeona niandike uzi mmoja, kila mtu asome na wenye uzoefu waongezee.

Naongelea keekee ya mkono tu, ile unayoizungusha mwenyewe bila injini. Ni nyepesi, uzito wake ni kama kilo tatu, haina mafuta ya kumwagika kwenye buti la gari, wala betri ya kufa kwa baridi. Ya inchi 6 iliyo nzuri utaipata dukani kwa dola 60 hadi 120. Mashine za betri zilizokamilika zinaanzia dola mia kadhaa. Kwa anayeanza, na hasa anayetembea kwa miguu kwenda majini, ya mkono inatosha kabisa.

Nianze na kipenyo, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Dukani utakuta za inchi 5, 6, 7 na 8. Mtu anajiambia tundu kubwa, samaki mkubwa, anabeba ya 8. Sasa tupige hesabu. Unachokata ni duara zima. Tundu la inchi 6 lina eneo la inchi za mraba 28 hivi. La inchi 8 lina 50. Umeongeza inchi mbili tu, lakini barafu ya kukata imeongezeka kwa karibu asilimia 78. Desemba, barafu ikiwa na unene wa inchi 5, hutaona tofauti. Ngoja Februari, barafu ifike futi mbili kule Upper Red Lake au Lake of the Woods, ndipo utajua.

Na kumbuka hutoboi tundu moja. Minnesota wakati wa barafu unaruhusiwa mishipi miwili kwa mtu, kwa hiyo matundu mawili ni ya kuanzia tu. Samaki hawakufuati ulipo. Ukikaa robo saa bila kuguswa, unahama hatua ishirini, unatoboa tena. Anayepata samaki ni yule aliye tayari kuhama, na ukishaanza kuliogopa tundu linalofuata umeshageuka mtu wa kukaa kwenye ndoo na kusubiri. Ndiyo maana nasema keekee nyepesi inakuletea samaki wengi kuliko tundu pana.

Samaki wengi tunaokula huku, yaani bluegill, crappie, yellow perch na walleye, wanapita kwenye inchi 6 bila shida. Hata walleye wa kupigia picha anapita. Na ukitumia kifaa cha sauti cha kuonyesha samaki, kile kidude chake cha kuzamisha kinakaa na mshipi wako kwenye inchi 6 bila kusongana. Kwenye inchi 5 panaanza kubana.

Sasa visu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kazi yote iko hapa. Bomba, mpini na rangi ni mapambo ukilinganisha na vile vipande viwili vya chuma vilivyoko chini.

Kuna vya kupinda, mfano wa Mora ya Sweden, kutoka mji uleule wenye sifa ya visu. Kuna vya kunyooka, mfano StrikeMaster Lazer. Na kuna Nils ya Finland, ambayo kichwa chake kimeundwa kivyake na bei yake iko juu zaidi. Vyote hivi vinaparua barafu, kama randa ya seremala inavyoparua ubao. Vipo pia visu vyenye meno, vinavyovunja barafu badala ya kuiparua, lakini hivyo utavikuta zaidi kwenye mashine za injini. Kwa nguvu za mkono chukua vya kuparua.

Kisu kizima utakijua hivi. Simamisha keekee wima, mkono mmoja kwenye kishikio cha juu, mwingine kwenye mkono wa kuzungushia, halafu zungusha bila kukandamiza. Inatakiwa iume yenyewe na kushuka kwa uzito wake. Tazama kinachotoka: kisu kikali kinatoa vipande vyembamba vyenye umbo, kisu butu kinatoa unga. Ukiona unga na unajikuta umeilalia kwa kifua, visu vimekwisha, badilisha. Usipime ukali kwa kidole. Visu hivi vikiwa vipya vinakata glavu na nyama iliyomo ndani yake.

Kabla ya kulipa, hakikisha visu vya akiba vya modeli hiyohiyo vinapatikana. Visu vya kampuni moja havikai kwenye keekee ya kampuni nyingine, na hata ndani ya kampuni moja modeli hutofautiana. Huuzwa viwili viwili, dola 30 hivi. Keekee ya bei ya kutupa isiyo na visu vya akiba ni ya msimu mmoja.

Karibuni.

KijanaWaNyali

Shukrani mkuu, nimekusoma vizuri. Lakini mbona nisinunue tu kichwa cha keekee nikakifunga kwenye drili ya betri? Mimi ni fundi wa kufunga makabati, drili ninayo tayari. Huku Winnipeg barafu ya Ziwa Winnipeg mwisho wa baridi inakaribia mita moja. Kwa mkono si nitamaliza siku natoboa?

MvuviWaKaskazini

Kwa barafu ya huko kwenu nakubaliana na wewe, kaka. Mita moja kwa mkono ni adhabu, na hata urefu wa keekee ya kawaida hautoshi bila kipande cha kuongezea. Sharti ni drili yenyewe iwe na nguvu. Nimwachie Fundi, yeye ndiye mtu wa vyuma.

FundiChuma

Niko hapa. Drili iwe ya volti 18 kwenda juu, isiyo na brashi, yenye msokoto wa nyutoni-mita 80 au zaidi, na mdomo wake wa kubania biti uwe wa nusu inchi. Zile ndogo za kufungia skrubu zitatoa moshi. Weka gia namba moja, ile ya polepole yenye nguvu. Na ule mpini wa pembeni uliokuja nao kwenye boksi, ambao watu huuacha nyumbani, ufunge. Kisu kikinasa ghafla drili inazunguka yenyewe, na kifundo cha mkono ndicho kinacholipa.

Jambo la pili ni muhimu kuliko yote: weka sahani ya plastiki pana kuliko tundu, juu ya lile bati lililojisokota kuzunguka bomba. Drili ikilegea na kuachia wakati umeshapenya, kichwa cha keekee kinazama hadi sakafu ya ziwa. Sahani inakidaka juu ya barafu. Watu wengi wamepoteza keekee kwa kukosa sahani ya dola chache.

Betri zitembee ndani ya koti, karibu na mwili. Kwenye baridi kali hupoteza nguvu haraka sana.

DadaWaTurku

Salamu kutoka Finland. Mimi ni wa Bukavu, tumeletwa huku na familia tangu nikiwa shuleni, na kuvua kwenye barafu nimefundishwa na majirani.

Mnashangaza na inchi zenu nane! Huku keekee zinahesabiwa kwa milimita, na watu wengi ninaowaona kwenye barafu wanabeba ya 110 au 130. Hiyo ya 130 ni kama inchi 5 zenu. Tunavua perch wadogo wa kukaanga kwa kijiti kifupi cha mkononi, na mtu anatoboa tundu baada ya tundu kutwa nzima, wazee wa miaka sabini pamoja nao. Kwa mkono, bila betri. Mzee mmoja jirani yetu anatoboa huku anaongea na wala hapumui kwa nguvu. Nilimwuliza siri, akafungua mfuniko akanionyesha visu vyake: vikavu, vimepakwa mafuta kidogo, havina hata alama.

Faida nyingine ya huku ni kwamba kuvua kwa kijiti hicho kimoja cha barafuni ni bure kwenye maji mengi, huhitaji kulipia kibali. Kwa mgeni asiye na kazi bado, gharama ni keekee na nguo za joto.

Kwa hiyo ndugu yangu hesabu yako ya duara naiunga mkono, na naisogeza mbele: kama samaki wako ni wa sahani, hata inchi 5 inatosha.

BabaNeema

Mimi nitapinga, kwa heshima zote.

Navua northern pike kwa mitego ya bendera, ile unayoitega juu ya tundu na samaki akivuta bendera inaruka. Pike mkubwa ana kichwa kirefu na tumbo pana, na akifika kwenye tundu anajikunja. Kwenye inchi 6 utamwona macho yake, utamwona mdomo, halafu atapiga kichwa pembeni mwa tundu na mshipi utakwaruzwa na ukingo wa barafu mpaka ukatike. Nimeshuhudia hilo kwa jirani yangu pale Mille Lacs, samaki ambaye angelisha nyumba nzima. Ndiyo maana natumia inchi 8. Natoboa matundu yangu mawili asubuhi, nategesha, nakaa. Sihamihami.

Kwa hiyo usiwaambie vijana kwamba 8 ni ya kupoteza nguvu. Inategemea unavua nini.

MvuviWaKaskazini

Mzee wangu BabaNeema, hapo umesema kweli na sina la kubisha. Kwa anayetega pike na hahami, 8 ni sahihi. Ninachowakatalia vijana ni kununua 8 kwa ajili ya pike ambaye hawajaanza hata kumtafuta, halafu wanavulia crappie kwa tundu la kupitisha ndoo, na Januari keekee inarudishwa dukani.

Nami naongeza kwa wenye 6: samaki mkubwa akifika chini ya tundu usimvute kwa pupa. Mwache azunguke, legeza, subiri pua yake ielekee juu, ndipo umwinue kwa mwendo mmoja. Ukingo wa chini wa tundu ukiwa na kipande kilichobaki kinaning'inia, ndicho kinachokata mshipi. Kwa hiyo ukishapenya zungusha keekee mara chache zaidi palepale ili ukingo ulainike, kisha uivute juu kwa nguvu, itoke na ule uji wote wa barafu. Unaobaki uchote kwa upawa wenye vitundu.

MamaImani

Samahani naingia kama mgeni. Mume wangu anataka kwenda na watoto Jumamosi, na mimi sijatulia. Hiyo barafu mnajuaje inabeba? Na hicho chuma chenye visu kinakaaje ndani ya gari na watoto?

MvuviWaKaskazini

Dada, karibu sana, na swali lako lingekuwa la kwanza kwenye uzi huu.

Idara ya Maliasili ya Minnesota inasema inchi 4 za barafu mpya, ngumu, inayoonekana kama kioo, ndicho kiwango cha chini cha kutembea kwa miguu. Barafu nyeupe, ile iliyochanganyika na theluji, inahitaji unene mara mbili. Na idara hiyohiyo inasisitiza kwamba hakuna barafu iliyo salama kwa asilimia mia. Ziwa moja laweza kuwa na inchi 8 hapa, na 3 mahali penye chemchemi au mkondo, hatua chache mbele. Madaraja, midomo ya mito na sehemu zenye mashine za kupuliza hewa majini ni za kukwepa.

Mume wako asitegemee keekee tu. Abebe mtaimbo. Anatembea anapiga mbele yake kila hatua chache, pigo zito. Mtaimbo ukipenya kwa pigo moja au mawili anarudi kwa njia aliyokuja nayo. Usipopenya, ndipo keekee inafuata: anatoboa tundu la kwanza karibu na ufukwe, anapima unene kwa rula, anasonga, anapima tena. Hiyo nayo ni sababu ya kupenda keekee nyepesi. Mwenye keekee nzito huona uvivu wa kupima.

Kila mmoja, na watoto wakiwemo, avae jaketi la kuokolea na misumari miwili ya kujivutia iliyofungwa kamba shingoni. Mtu akizama, kwa mikono mitupu barafu haishikiki.

Kuhusu gari: kila keekee huja na mfuniko wa plastiki wa visu. Urudi mahali pake kila tundu likiisha, kabla hata ya kushika fimbo ya kuvulia. Garini iwekwe nyuma, visu vikielekea mbali na abiria, ifungwe isibiringike. Watoto wasiibebe ikiwa haina mfuniko.

KijanaWaNyali

Mkuu mama ameuliza la maana. Nami nina lingine: nimeona ya mtumba mtandaoni, Mora ya inchi 6, dola 25. Nichukue?

FundiChuma

Nenda uione. Kwanza iviringishe juu ya sakafu tambarare. Bomba likiyumba, limepinda, na iliyopinda itakuyumbishia tundu mpaka ikome kukata. Pili angalia sehemu mpini unapoungana, ile ya kurefusha na kufupisha. Skrubu ikiwa imekula uzi, itakufungukia katikati ya kazi. Tatu tazama visu kwa pembeni penye mwanga. Mstari wa makali unaong'aa maana yake ni butu, kwa sababu makali mazima hayarudishi mwanga. Vijipengo kwenye makali maana yake mwenyewe amegonga mchanga au jiwe.

Visu vibovu visikutishe kama bomba limenyooka, mradi modeli hiyo bado ina visu vya akiba. Mora kwa kawaida utavipata. Toa bei ya visu kwenye bei anayotaka.

DadaWaTurku

Na kunoa je? Kuna mtu hapa kwetu ananoa vyake kwa jiwe.

FundiChuma

Vya kunyooka unaweza, kwa jiwe laini na mkono uliotulia, ukifuata pembe ileile ya kiwandani na upande uleule tu. Vya kupinda mimi huwaambia watu wasiguse. Pembe ikibadilika kidogo tu, kisu kinaonekana kikali mezani lakini kwenye barafu kinateleza kama kimepakwa sabuni, hakiumi kabisa. Na visu viwili lazima vilingane. Kimoja kikishuka kuliko kingine, keekee inadunda na kutetema. Kwa dola 30, nunua vipya, vya zamani weka kwenye boksi kwa dharura.

Vinavyoua visu mapema ni vitatu. Kutoboa kwenye maji ya kina kifupi hadi ukagusa mchanga wa chini: sekunde moja inatosha kumaliza makali. Kugonga keekee kwenye barafu ili kuondoa uji ulioganda: watu wanafanya hivi kila siku, nami kila siku nawakataza, itikise, au ipige kwa kiganja cha glavu kwenye bomba, mbali na visu. Na kuifunika ikiwa imelowa, ikashinda garini na kutu.

BabaNeema

Hilo la kutu ni kweli tupu. Ukifika nyumbani vua mfuniko, iache ikauke ndani, futa visu kwa kitambaa chenye mafuta ya mashine. Hata mafuta ya kupikia yanafaa kwa usiku mmoja.

MamaImani

Asanteni sana, kaka zangu na dada. Nimemsomea mume wangu uzi mzima. Sasa ananiuliza mimi: na mimi nikitaka kutoboa? Mimi ni mfupi, futi tano na kidogo. Keekee ya dukani niliiona inanifika kidevuni.

MvuviWaKaskazini

Chukua yenye mpini wa kurefushwa na kufupishwa, Mora na Lazer zipo za hivyo. Kipimo ni hiki: keekee ikiwa imesimama juu ya barafu kabla ya kuanza, kishikio cha juu kiwe usawa wa kifua chako au chini kidogo, usilazimike kunyanyua viwiko. Kwa barafu nyembamba ya mwanzo wa msimu ifupishe hadi mwisho. Miguu ipanuke, viatu viwe na meno ya chuma ya kuzuia utelezi, na uzungushe kwa bega na kiuno pamoja, kifundo cha mkono kisifanye kazi peke yake. Kila baada ya inchi tano au sita iinue kidogo huku ikizunguka ili barafu iliyokatwa itoke, isijae na kuibana.

Kwa nyumba yenye watoboaji wawili, wewe na yeye, na watoto wanaotaka kujaribu, inchi 5 au 6. Nenda naye dukani mkaishike wote wawili kabla ya kulipa.

KijanaWaNyali

La mwisho kwangu. Nikikuta tundu la mtu wa jana limeganda upya, si nitoboe palepale, barafu yake ni nyembamba?

FundiChuma

Kwa visu vya kuparua, hapana. Tundu la zamani halilingani na keekee yako, kisu kimoja kinauma ukingo mgumu na kingine kiko hewani, inanasa na kuruka, na ukiwa kwenye drili ndipo mkono unapoumia. Livunje kwa mtaimbo kama ni nyembamba. Kama ni nene, sogea hatua mbili, anza jipya.